Simu Iliyooshwa kwa Magadi

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyenitoa katika nyumba ya mapigo nikiwa na viungo vyangu vyote, akanivumilia miaka mingi nilipokuwa nimefunga mdomo. Wenzangu wa usharika wamenifanya mzee wa kanisa nywele zangu zingali nyeusi, na kila Jumapili nawafundisha watoto kusema kweli. Si haki niendelee kuwafundisha kabla sijasema yangu.

Utoto wangu una harufu ya simu ya zamani inaposuguliwa kwa msasa wa maji. Ni harufu kali ya kupanda puani, kama dawa ya kuoshea sakafu za hospitali, na hata leo nikiisikia mahali mabega yangu hujikunja yenyewe. Ulikuwa mwaka ule Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Malori yalishusha meza za ofisi, na wageni waliulizia vyumba vya kupanga hadi kwetu Nangara. Bwana mmoja aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni karibu na stendi alitaka ya kwake izipite za wenzake kwa heshima. Akamletea baba simu sita za zamani, zile nyeusi nzito za kuzungusha namba kwa kidole, azirudishie sura. Hazikutakiwa kulia. Zilitakiwa kukaa tu mapokezi na vyumbani zikimetameta, mgeni akiingia aone amefika mahali pa wakubwa. Baba alikuwa fundi wa simu hadi alipopunguzwa kazini, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwita fundi. Simu zile sita zilikuwa jina lake linalorudi nyumbani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, kaka yangu Elia kumi na sita, na tulifanya kazi ile pamoja na baba tukitoka shule. Kwanza alifungua skrubu za chini akatoa matumbo yote, likabaki gamba tupu. Gamba lilioshwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Kisha ukaja msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kama karatasi ya daftari, ukizungushwa kidogo kidogo bila kukandamiza. Baada ya msasa ni dawa ya kung'arishia rangi za magari, na mwisho nta ya nyuki kwa kipande cha flana. "Huu weusi ni ngozi," baba alituambia. "Chini yake ni unga wa mbao mtupu. Ukiichuna ngozi, hairudi." Mikono yake ilipopita juu ya gamba lile ungedhani anamkanda mtoto mchanga.

Sisi hakutukanda hivyo. Kwenye msumari kando ya mlango ulining'inia waya wa simu uliokunjwa mara tatu, na kila mmoja wetu aliujua uzito wake. Niliangusha skrubu, waya. Elia alikandamiza msasa ukaacha mkwaruzo, waya, hadi shati likagandia mgongoni na mama akalilowesha kwa maji ya chumvi ili alivue. Mama mwenyewe aliwahi kuimba kwaya mdomo ukiwa umevimba, na wenzake wakazama katika vitabu vyao vya nyimbo kama watu wanaotafuta ukurasa. Majirani walisikia. "Samaki mkunje angali mbichi," walisema, wakafunga madirisha. Nami niliamini ndivyo baba wote walivyo, kama mtu aliyezaliwa kwenye moshi anavyodhani moshi ndio hewa.

Jumamosi moja baba alikwenda mnadani kutafuta nta, na mama alikuwa mazoezi ya kwaya. Simu tano zilikwisha, zimepangwa mezani zinang'aa. Ya sita ilikuwa imewahi kukaa gereji, na grisi yake ilikataa sabuni. Nilitaka baba akirudi aikute safi, aseme neno jema. Kila msichana wa kwetu anajua sufuria lililoganda mafuta huoshwa na nini: magadi, yale yale tunayolainishia maharage. Nikachemsha maji, nikayamimina katika beseni, nikatia viganja viwili vya magadi, nikalizamisha gamba, nikaenda bombani na ndoo. Foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi grisi yote ilikuwa imetoka, na weusi umeondoka nayo. Gamba lilikuwa la kijivu lenye madoa ya kahawia, kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta.

Elia aliingia akasimama. "Tabita, umefanya nini?"

"Nimeiosha."

"Umeiosha au umeichinja? Leta rangi ya viatu. Haraka!"

Tulipaka, tukasugua, tukapaka tena. Kwa mbali ilidanganya. Baba alipoingia hakutazama kwa mbali. Alipitisha kidole gumba juu ya gamba, kikatoka cheusi. Akakinusa kidole kile kwa muda mrefu.

"Nani?"

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua, lakini sauti haikuja.

"Ni mimi, baba," Elia akasema.

Baba hakwenda kwenye msumari. Alichukua kilichokuwa karibu, mkonga wa ile simu, kile kipande kizito cha kushikia na kusikilizia. Pigo la kwanza lilimpata Elia begani. La pili lilimpata sikio la kushoto, kwa mlio mkavu kama kuni inayopasuliwa, akaanguka juu ya beseni. La tatu lilimkuta chini. Maji ya magadi yalienea sakafuni yakiwa mekundu, na mimi nikiwa nimesimama ndani yake.

Mama aliingia na kitabu chake cha nyimbo kwapani. "Baba Elia!" Hakumsikia. Mama akaweka kitabu kitini, taratibu, kama mtu anayeanza kazi. Akachukua simu ya kwanza mezani, akainyanyua kwa mikono miwili, akaipiga kwenye jiwe la mlangoni. Ikapasuka vipande.

"Na hii nimeivunja mimi," akasema. "Nipige."

Akachukua ya pili. "Na hii." Ya tatu. Ya nne. Vipande vyeusi viliruka hadi uani, na kila kimoja kwa ndani kilikuwa cha kahawia kama mkate uliomegwa.

"Mama Elia, jina langu!" baba akapiga kelele.

"Mwanangu naye ana jina." Ya tano ikapasuka. "Nipige."

Hakumpiga. Mkonga ulimtoka mkononi. Hapo ndipo majirani waliponyanyua miguu yao, wakampakia Elia kwenye baiskeli kwenda hospitali. Alipona, lakini sikio lile halikusikia tena. Mwenye nyumba ya wageni alikuja, akatazama vipande, akaondoka bila kuaga. Baba hakuitwa tena fundi. Waya ulibaki kwenye msumari. Hakuugusa tena, wala hakuuondoa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikutaka kifo cha baba kiniumbue mimi. Nilimuuguza mwaka wake wa mwisho, na siku moja nikimlisha uji nilimwambia: "Baba, ile simu ni mimi niliyeiharibu."

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kidole kilinuka magadi. Elia magadi angeyajulia wapi?"

Nikaweka kijiko chini. "Sasa mbona ulimpiga?"

Alisukuma bakuli la uji pembeni. "Mkono ulikuwa umeshainuka, mwanangu." Akalia, nami nikamfuta uso. Baadaye nilikwenda Nakwa kwa Elia, nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akageuza sikio lake zima, akacheka. "Inuka bwana, mzee wa kanisa. Kwani hukujua nilikuwa nakuonea huruma na magoti hayo membamba?"

Gamba lile la sita ninalo, halijang'aa mpaka leo. Babati imejaa bajaji na ofisi, na simu za siku hizi ni kioo kitupu. Mwezi uliopita binti yangu Imani, ambaye naye ana miaka kumi na moja, aliiangusha yangu kwenye jiwe la mlangoni. Nilikuwa nimechoka, na ndani ya simu ile kulikuwa na kazi yangu ya siku nyingi. Nilisikia mlio, nikageuka, na mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Niliuona juu ya kichwa cha mwanangu kama mkono wa mtu mwingine.

"Ni mimi, mama," Imani akasema. Sikuwa nimeuliza. Alinitazama machoni, akaokota kipande cha kioo, akanipa.

Nikaushusha. Kumbe mkono uliokwisha kuinuka hushuka. Nikamwambia alete ufagio, tukafagia pamoja.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde utokapo na uingiapo, auponye mwili wako palipopigwa, na mtoto wa nyumbani mwako aweze kukuambia kweli bila kutetemeka. Amina.