Mbele ya Wakwe

Kadii alisomea biashara chuoni Malindi kwa jasho la baba yake, Ziro, mgema wa Kakoneni aliyezeeka akipanda minazi ya watu. Alihitimu vizuri, lakini kazi aliyoipata ilikuwa ya majaribio: kuuza majeneza katika duka la Njenga, karibu na mochari. Leo jioni Njenga angeamua amwajiri au amrudishe kwao.

Chuoni walifundishwa kumtafuta mteja panapomuuma. Kadii alipajua mapema. Wafiwa wa kwao hawaji dukani peke yao, huja na wakwe, na mbele ya wakwe nani atakubali kuonekana bahili? Basi humngoja mfiwa aguse jeneza la mbao laini, kisha huuliza kwa sauti ya kufika barabarani: "Hili la bei nafuu ndilo mnalolitaka?" Mkono huhama wenyewe mpaka kwenye la mvule, la bei ghali.

"Wewe dada utanitajirisha," Njenga humwambia akicheka.

Simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye droo. Kwa hiyo kakake, Ngowa, alipoingia na baba mkwe wake, mzee Mwaringa, Kadii alidhani wamepita kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akainamisha macho.

"Tumekupigia tangu asubuhi," Ngowa alisema. "Baba kaanguka mnazini. Hatunaye tena."

Kadii alishikilia jeneza lililokuwa karibu. Ngowa akaweka mkono wake papo hapo, juu ya mbao laini.

"Hili litatosha, dada," alinong'ona. "Nimezungumza na mama."

Njenga alisogea na uso wa msiba. "Poleni sana." Kisha akamwinamia Kadii sikioni. "Mteja ni mteja. Ama kesho nimwite msichana mwingine?"

Kadii alilitazama shati la kakake, limechanika kwapani. Akamtazama mzee Mwaringa, ameegemea bakora yake, anangoja.

"Hili la bei nafuu," aliuliza, na sauti ikatoka vilevile kama siku zote, "ndilo mnalolitaka kwa baba?"

Mzee Mwaringa akakohoa. Ngowa alimkazia macho dadake kama mtu asiyemjua. Mkono ukahama.

"La mvule," alisema. "Ng'ombe wa mama atauzwa."

Jioni Njenga alimwajiri, akampa na ruhusa ya kwenda kuzika. Kule matangani wanawake walilisifu jeneza kwanza, ndipo wakalia. Hakuna aliyesogea kumpa Kadii nafasi mkekani.