Blauzi ya Wifi Fundi

"Nikisema hizi dawa zinaniibia, mnaniona mvivu," wifi yangu alisema. Nilikuwa nimesimama mbele yake na blauzi mpya, mkono wa kulia umenikaba kwapa.

"Zikuibie nini wewe, una nini?"

Akanigeuza, akapapasa mshono. "Nimekata mikono yote ya kushoto."

Hakugeuza kitambaa alipokata mkono wa pili. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye ana miaka ishirini kwenye cherehani. Kitambaa changu kilishakaa kwake miezi saba, nikawa nimejiandaa kumsema mpaka jioni.

Wifi ana kifafa tangu usichana. Aliwahi kuangukia pasi ya moto, kovu liko kwenye kiwiko. Mwaka jana kliniki walimbadilishia vidonge, na tangu hapo hakuanguka tena. Sisi tukashukuru, tukaona yamekwisha.

Kumbe yeye yamemkalia. Anasinzia asubuhi. Vidole vinatetemeka, uzi anaulamba mara nne ndiyo upite kwenye sindano. Kifungo anakiita "hicho cha kufungia". Mama yake alipofariki hakutoa chozi, watu wakanong'ona, na mimi nikiwemo.

"Huzuni niliiona iko kule," aliniambia, "kama redio ya jirani."

Halafu, kwa sauti ileile: "Vidonge vya jioni nimeacha. Heri nianguke nikiwa fundi."

Akafungua kopo la vifungo. Vidonge vyeupe tisa vilikuwa katikati ya vifungo.

Kesho yake nikampeleka kliniki.

"Mama, mbona hukutuambia?" daktari aliuliza.

"Mliniuliza kama naanguka. Sianguki."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema dawa zile kwa watu wengine huleta usingizi, mtetemeko, maneno kupotea, hata hisia za moyo kupoa. Ila kuziacha ghafla ni hatari, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Atambadilishia polepole, na yeye aandike kila anachokiona mwilini, hata kiwe kidogo namna gani.

Wifi akaitikia kwa kichwa, hakuonyesha furaha wala hasira.

Baada ya miezi mitatu uzi ulipita alipoulamba mara ya pili. Usingizi ulipungua kidogo. Chozi bado. Nilimuuliza, akasema, "Sijui, wifi. Sijaenda kuangalia."

Juzi akaniita. Blauzi yangu ilikuwa juu ya cherehani, ina mkono mpya wa kulia. Kitambaa changu kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo alitumia kingine, rangi imekaribia tu.

"Haijafanana. Acha deni langu lisimame, nitakushonea nyingine."

Nikaivaa. Kwapa halikubana.

"Deni gani? Hunidai, sikudai."

Nikaenda nayo sokoni. Muuza nyanya akauliza mkono ule umekuwaje.

"Fundi wangu ndiye kaupanga hivyo," nikamjibu. "Pima nyanya."