Chelel Alihamishwa kwa Ajili ya Kompyuta Yangu

Kosa ni langu, si la ng'ombe. Wacha niliseme hilo kwanza, rafiki yangu, kabla sijaogopa tena.

Mimi ni kijana wa huku Mogogosiek. Shule iliniacha darasa la nane, lakini ndoto hazikuniacha. Nilikuwa nafyeka nyasi kwa mzee mmoja wa upande wa ziwa, karani kiwandani. Alipostaafu akanipa kompyuta yake kuukuu, ile ya kukunja.

"Chukua, omera, ndugu yangu," akasema. "Mimi imenishinda. Ikipata moto inaona maruweruwe."

Ndani kulikuwa na mchezo wa ndege za vita. Woi! Nikicheza kidogo, chini kunachoma kama pasi, halafu picha inapasuka mistari ya kijani, ndege yangu inaota mabawa saba. Fundi wa redio akaifungua, akanionyesha kidude cheusi.

"Hii ndiyo inachora picha. Imezeeka, inachemka. Itafutie baridi."

Baridi! Kwetu baridi ilikuwa mahali pamoja tu: nusu pipa la maji ya mvua, nyuma ya jikoni. Humo mama alisimamisha mkebe wa maziwa ya jioni, yasiharibike kabla ya kupelekwa kituo cha kununua maziwa asubuhi.

Wiki hiyo kulikuwa na maombi kanisani kila jioni. Mama akishatoka tu, nautoa mkebe majini, nauweka jikoni kando ya moto. Kompyuta naiweka kwenye sufuria pana, sufuria inaelea pipani kama bata. Waya nimeupitisha dirishani. Mungu anapenda wajinga, jamani!

Na ikatulia! Picha safi! Nikisikia mama anarudi akiimba, narudisha mkebe mbio.

Asubuhi, karani wa kituo akachemsha maziwa kidogo kwa kijiko. Yakaganda.

"Mama, hii imeharibika. Rudi nayo."

Kesho yake, vile vile. Kesho kutwa, vile vile.

"Mama, ng'ombe yako ako na shida."

Ng'ombe wetu mmoja! Chelel, mweupe, mpole, alinilea kuliko shangazi zangu. Jirani akasema ni jicho baya. Wazee wa kanisa wakaja kumwekea mikono, Chelel akalamba koti la mchungaji. Niliitikia amina kuliko wote! Na jioni ile ile nikacheza tena, maana nilikuwa nimebakiza daraja moja tu la kulipua.

Ndipo mjomba akaja kutoka Kedowa.

"Dada, nipe huyu nikuondolee mkosi. Nitakuachia kondoo wawili."

Mama akafunika uso kwa leso. Mjomba akashika kamba. Nilifungua mdomo niseme ukweli, na kilichotoka ni: "Safari njema."

Nilimwambia ng'ombe safari njema!

Nilivumilia siku chache tu za kumwona mama akinywa strungi, chai isiyo na maziwa. Nikamwaga ukweli wote. Aliniangalia sana, akavaa viatu, tukaenda Kedowa.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe weri, kijana wewe! Kompyuta iharibu maziwa? Hiyo ni uongo gani? Ng'ombe alipona kwa maombi, kila mtu hapa anajua. Nimeshatoa ushuhuda kanisani!"

"Mjomba, naapa..."

"Wacha kuapa, kunywa chai."

Akatumiminia. Chai ya maziwa, nzito, ya Chelel. Mama alikunywa vikombe vitatu bila kunitazama. Nje, Chelel alikuwa anakula majani. Nilimwita. Hata sikio hakugeuza. Tukarudi nyumbani bila yeye.

Kompyuta nimempa mama, akaitia kwenye sanduku la vifaranga. Inawapasha joto vizuri sana. Daraja sijalilipua.

Wewe kijana mwenye mashine inayochemka, itafutie baridi yako mwenyewe, usiibe ya maziwa ya mama. Na kosa lako likiwekwa juu ya mwingine, hata kama ni mnyama, sema siku hiyo hiyo! Ukichelewa, ukweli wako unakuwa kichekesho na uongo unakuwa ushuhuda.

Jioni mama bado anausimamisha mkebe majini. Hauna kitu. Anasema mkono umezoea.

Naacha hapo, ananiita chai. Strungi.