Mfungo wa Simba Jike

Kwa miaka mingi nililisha wanyama katika bustani ya tajiri mmoja, njia ya kwenda Soga. Simba wetu jike hakulishwa Ijumaa. Ndivyo nilivyofundishwa: simba wa bandani hupumzishwa tumbo siku moja kwa wiki, na mimi nilichagua Ijumaa ili niwahi msikitini. Kwenye kibao niliandika kwa chaki: LEO AMEFUNGA.

“Atafuturu nini sasa, mzee?” wageni walinitania.

“Wewe, ukizidi kusogea.”

Kisha wageni wakapungua. Nyama ikawa inachelewa, baadaye ikawa haiji. Badala ya kwenda kumpigia tajiri kelele, nikachukua chaki. Jumanne amefunga. Jumatano amefunga. Watu waliendelea kucheka, nami nikacheka nao, hata mbavu zake zilipoanza kuhesabika. Alipokufa nilisema ni uzee. Mke wangu alijua. Hakunisema hata siku moja, mpaka naye akafa tukamzika.

Mwaka huu watoto wa tajiri wanataka kuifufua bustani. Walimtuma daktari wa mifugo, binti mdogo tu, akanikuta nyumbani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Tuliyazungukia mabanda. Magugu yamepanda hadi kwenye paa, na bwawa la mamba limekauka. Kuna mtu ameanika mihogo humo. Binti akasema wanatafuta mtu wa kuwafundisha walezi wapya. Je, ningeweza kuja kila siku? Nilitaka kukubali hapo hapo. Kwangu siku hizi anayezungumza ni redio.

Akafungua daftari. “Yule simba jike alikufa kwa uzee, siyo?”

Neno moja tu lilitosha, na nilikuwa nalo mdomoni.

“Hapana,” nikasema. “Njaa. Nyama ilikosekana, mimi nikaandika amefunga.”

“Na hukumwambia mtu?”

“Niliogopa bustani ikivunjwa nitarudi kwetu Marui kulima.”

“Asante kwa kusema, mzee.” Aliyasema hayo akiitazama kalamu yake.

Mafundi wameshaanza kung’oa nyavu za zamani. Nyundo nazisikia nikiwa barazani. Juzi binti alipita na gari, akapunguza mwendo, akanipungia mkono, akaendelea. Simlaumu. Kila asubuhi naoga mapema, navaa, nakaa. Sijaitwa.