Tumbo Lisiloguswa

Naitwa Wakesho, mzaliwa wa Wusi, kijiji cha milimani juu ya Voi, na nina figo moja. Nawaandikia wazazi wenye watoto wodini, hasa yule ambaye leo mtoto wake amemuuliza, "Tunaenda nyumbani lini?" Mimi niliuliza hivyo kila asubuhi.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa na miaka mitano. Sikujua kutembea, nilikimbia tu. Shamba letu lina mteremko mkali, nami nilishuka na kupanda bila sababu yoyote, mpaka Nyanya, mama yake Baba, akasema nina miguu ya mbuzi. Nyanya alikuwa mkandaji. Mtoto wa jirani akiumwa na tumbo aliletwa kwake, naye alimkanda kwa mafuta mpaka atulie.

Siku moja Mama akiniogesha aliona tumbo langu limevimba upande wa kushoto. Alipogusa akakuta kitu kigumu kama kiazi. Hakikuniuma. Nyanya alisema ni bandama, ataishusha. Akanikanda asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Nilifurahia, maana alinisimulia hadithi huku akikanda. Lakini tumbo lilizidi kukua, nikaacha kukimbia. Halafu mkojo wangu ukawa kama chai isiyo na maziwa, na Baba akasema basi, twende Voi.

Daktari wa Voi alinigusa kwa ncha za vidole, mara moja tu, akaondoa mkono.

"Nani amekuwa akimkanda huyu mtoto?"

"Ni mimi," Nyanya akajibu kwa fahari.

"Mama, kuanzia sasa mtu yeyote asiguse hili tumbo. Huu ni uvimbe wa figo. Ukipasuka humo ndani, utasambaa."

Nyanya alificha mikono yake ndani ya leso.

Nikapelekwa hospitali kubwa Nairobi, na huko ndiko nilikofungwa. Sisemi kwa mafumbo. Kitanda kilikuwa na vyuma pande zote nne, nikikaa vinanipita kichwa. Mkono mmoja ulifungwa kwenye kibao ili sindano ya maji isichomoke. Juu yangu walibandika karatasi: TUMBO LISIGUSWE. Mama hakuruhusiwa kunibeba mgongoni wala kunilaza kifuani. Alinishika kisigino kupitia vyuma, basi. Nilimchukia kwa hilo. Niliamini angeweza kunitoa na hataki. Dirishani palikuwa na ukuta wa jengo jingine, nami nilihesabu matofali mpaka hesabu yangu ilipoishia, nikaanza tena.

Siku moja kabla ya upasuaji, Baba alimleta Nyanya. Siku hiyohiyo alikuja daktari mwanamke, mtafiti wa maabara, akiwa na fomu mkononi.

"Tukishatoa figo, naomba kipande kidogo cha uvimbe," alimwambia Mama. "Figo yenye afya huchoma mafuta ili ipate nguvu. Nafikiri uvimbe huu umebadili chakula, unakula sukari. Tukijua unakula nini, huenda siku moja tukaunyima. Lakini kipande lazima kigandishwe mara tu kinapotoka, kwa hiyo nahitaji jibu leo."

"Kitamsaidia mtoto wangu?"

"Hapana, mama. Sitakudanganya. Ni kwa watoto watakaokuja."

Mama alikataa. Kwetu hata kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani. "Mmemfungia humu mwezi mzima," alisema. "Sasa mnataka kumfungia kwenye chupa."

Nyanya alikuwa amesimama mbali na kitanda. "Daktari, ukikiangalia utajua kama ni mikono yangu iliyomharibu?"

"Sitajua hilo, nyanya. Uvimbe haukuletwa na mikono yako. Ila kuukanda ni hatari."

Nyanya akamgeukia Mama. "Mpe. Mimi nilikishika wiki tatu nisijue ni nini. Acha kishikwe na anayeuliza."

Mama akatia sahihi huku analia.

Nilipoamka, figo ya kushoto haikuwapo. Daktari alisema ganda la uvimbe lilikuwa limepasuka kidogo, hivyo matibabu ya dawa za saratani yatakuwa makali na marefu. Nilitapika mpaka nyongo. Nywele zilibaki kwenye mto. Kinywa kilijaa vidonda, hata kumeza mate kuliniuma. Nikaacha kuuliza tunaenda nyumbani lini. Mama anasema hilo lilimtisha kuliko yote.

Nilirudi Wusi baada ya miezi minane. Nyanya alinitazama kutoka mlangoni, asinisogelee. Siku zikapita, hanigusi. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kwetu desturi ya kutasa haijafa: mwenye hasira moyoni huitaja, hujaza kinywa kwa kinywaji, kisha huipuliza nje hasira hiyo mbele ya wenzake. Baba akatuketisha na kibuyu cha maji ya miwa. Nyanya alisema ameikasirikia mikono yake mwenyewe, akapuliza. Kibuyu kikaja kwangu. Watu wakacheka, mtoto ana hasira gani? Nilikuwa nayo. Nikasema nina hasira na Mama kwa kuniacha ndani ya vile vyuma, nikapuliza mpaka gauni likalowa. Hakuna aliyecheka tena. Mama alinibeba mgongoni, akazunguka nami shamba zima.

Namshukuru Mungu, wazazi wangu na madaktari. Mzazi, ukiona tumbo la mtoto ni gumu upande mmoja, au mkojo umebadilika rangi, usilikande, wala usilibonyeze ili kumwonyesha jirani. Mpeleke hospitali. Na mtoto aliyefungwa kitandani akikukasirikia, mwache akasirike. Hana kitu kingine cha kufanya humo.

Kipande changu kilisema nini, sijui. Hatukuandikiwa kamwe. Ila Nyanya, mpaka alipofariki, akiletewa mtoto mwenye tumbo gumu hakunyoosha mkono. Alivaa viatu, akamwambia mama wa mtoto, "Twende Voi," na akaenda naye mpaka mbele ya daktari.