Kabla Hujambadilisha Dalali

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nilivyomfokea Bi Zuhura dukani kwake mbele ya wateja. Mpaka leo nikipita Nkwenda naona aibu. Nakusimulia kwa sababu jana ulinipigia simu ukihema: mnunuzi wa nyumba yako ya Kayanga amejitoa, dalali wako ni mzembe, na umeshapata mwingine anayesema ataiuza ndani ya wiki mbili. Nilicheka kidogo, nisamehe. Sikukucheka wewe. Nilisikia sauti yangu mwenyewe nilipokuwa na umri wako.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani pale Nkwenda. Mimi na mama yako mkubwa Kemilembe tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, tuliyoijenga kidogokidogo. Siku moja tukasikia kuna mzee wa Kamuli anauza kibanja chake, shamba la migomba na kahawa, anahamia kwa binti yake Bukoba. Tukaenda kukiona. Ee mwanangu! Migomba minene, mikungu imeinama yenyewe, na mibuni imewiva mpaka mteremko mzima ulionekana mwekundu. Kemilembe alivua viatu akatembea peku kwenye ile boji, majani makavu yaliyotandazwa shambani, anacheka tu. Mzee akatupa buni za kutafuna, kama ilivyo desturi ya kumkaribisha mgeni, kisha akasema, "Nitawasubiri mpaka nimalize kuanika kahawa hii. Baada ya hapo nampa mwingine."

Tulirudi tukiimba. Nyumba ilibidi iuzwe, na iuzwe haraka.

Dalali wa nyumba pale mjini alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima, muuza kanga na vitenge. Babu yake alitoka Tanga akafuata biashara huku, na hawakuondoka tena. Alijua nani anatafuta nyumba na nani anajisemea tu. Baada ya siku chache akatuletea mnunuzi, Ta, yaani Mzee, Rwegasira wa Nyakatuntu, mkulima aliyetaka nyumba ya mjini ili afungue duka la pembejeo. Mzee yule alikagua paa, akagonga kuta, akauliza mipaka. Mwisho akatabasamu. "Nimeipenda. Nipeni wiki moja nizungumze na watu wangu nyumbani."

Bi Zuhura akaniambia, "Sasa tulia. Ukisikia neno, utalisikia kwangu."

Nitulie vipi, mwanangu? Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilishona suruali ya mteja miguu yote ikawa ya kulia. Nilikuwa nimeshapanga mahali pa kujenga jiko Kamuli, na jina la ng'ombe nilikuwa nalo tayari, ingawa ng'ombe mwenyewe sikuwa naye.

Siku ya saba ikapita. Ya nane, Bi Zuhura akaja nyumbani na kusema kwa upole, "Ta Rwegasira amejitoa. Nitatafuta mwingine." Nilimuuliza kwa nini. Akamtazama Kemilembe, akanitazama mimi, akasema, "Hutokea, mwanangu."

Basi! Kesho yake, hiyo Jumamosi, nikamfuata dukani. Nilisema mbele ya watu kwamba yeye anajua kupima vitenge tu, mambo ya nyumba awaachie wenye akili. Akina mama waliokuwa wakichagua vitenge wakageuka kunitazama. Bi Zuhura alikunja kitambaa alichokuwa ameshika, akakiweka rafuni. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa dalali mwingine, kijana aitwaye Fredi, aliyekuwa na pikipiki nyekundu na maneno mengi. "Kaka, hiyo nyumba ni kama imeshauzwa," akasema. "Jumatatu naleta kibao cha kutangaza kwamba inauzwa." Nilifurahi kweli. Nilijiona nimefanya uamuzi wa kiume.

Jumapili baada ya ibada nikapita kwa mama yangu, yaani bibi yako. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamsimulia yote kwa mbwembwe. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Huyo mama alikukosea nini?" akauliza.

"Amenipotezea mnunuzi."

"Mnunuzi ndiye aliyekwambia hivyo?"

Nikaokota ganda la ndizi nikalichezea.

"Umeongea naye tangu ajitoe?"

"Hapana, mama."

Akaweka kisu chini. "Kwa hiyo umehukumu kesi ambayo hujaisikiliza. Baiskeli yako si nzima? Nyakatuntu haijahama."

Jinsi alivyosema, sikusubiri hata chakula. Nilipanda baiskeli na shati langu la kanisani.

Nilimkuta Ta Rwegasira ameketi mbele ya nyumba yake. "Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Umekuja tena?" Akacheka. "Hii ni mara ya nne, au nimekosea hesabu?"

Hakukosea. Hapo ndipo ninapopaswa kukiri jambo kwako, mwanangu, nililomficha hata mke wangu. Ndani ya ile wiki moja nilikuwa nimekwenda Nyakatuntu mara tatu kwa siri. Mara ya kwanza nilisema napita tu kusalimia. Mara ya pili nikamdanganya kwamba kuna mtu wa Bukoba anaitaka nyumba kwa nguvu. Mara ya tatu yeye hakuwepo, nikamkuta mkewe shambani, nikamsihi aharakishe mambo.

"Nyumba niliipenda," Ta Rwegasira akaniambia. "Lakini mke wangu aliniuliza, huyu mtu anakimbia nini? Tukafikiri labda ina kesi ya mirathi, au umeshaiuza mara mbili. Nilimweleza Bi Zuhura. Akaniapia kwamba nyumba haina tatizo, ni haraka ya ujana tu. Alikutetea sana yule mama. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingiwa na hofu, nikatafuta pengine."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule niliyemtukana ndiye aliyenitetea!

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Zuhura kabla hajafungua, nimebeba mkungu wa ndizi begani. Nikamwomba radhi. Wateja walipoingia nikaomba tena, maana nilikuwa nimemtukana mbele ya watu. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli siku ile.

"Ningesemaje mbele ya mkeo?" akasema. "Nilingoja uje peke yako uniulize. Ukaja na makelele." Kisha akatabasamu. "Haya, nyumba niiuze au nisiiuze?"

"Iuze, Bi Zuhura!"

"Basi kwa sharti moja. Wewe ukae kwenye cherehani."

Fredi alipofika na kibao chake nilimweleza ukweli uso kwa uso. Akanuna kidogo, akawasha pikipiki. Na mimi nikakaa kwenye cherehani, mwanangu, nikakaa kweli! Muuguzi mmoja na mumewe walipokuja kuona nyumba, Kemilembe aliwatembeza na mimi nikabaki kwenye kibanda changu cha cherehani nikishona bila hata uzi kwenye sindano. Wakarudi mara ya pili, wakakubali kuinunua. Siku tulipoandikishana kwa mtendaji wa kata mbele ya mashahidi, Kemilembe alipiga vigelegele mpaka watu wa ofisi ya jirani wakatoka kuangalia. Tulikodi pikipiki mbili kwenda Kamuli mchana ule ule. Mzee wa kibanja alikuwa anakusanya kahawa ya mwisho kwenye mkeka. Nilimwita jina kutoka barabarani kwa furaha, naye akanijibu kwamba bado alikuwa akitusubiri.

Sikuambii umng'ang'anie dalali wako. Miaka ya baadaye nilimwacha dalali mmoja aliyemficha mnunuzi mgogoro wa mpaka, na sikujuta. Ninachokuambia ni hiki: usimwache mtu kwa hasira ya jambo usilolijua. Kesho asubuhi mtafute yule mnunuzi, umuulize kwa adabu kilichomkimbiza, na uwe tayari kusikia jina lako mwenyewe. Kisha kaa na dalali wako bila watu wengine, umuulize vilevile. Ukikuta alikuficha jambo au alidanganya, mlipe jasho lake, muage vizuri, nenda kwa mwingine. Ukikuta ni mtu mkweli, basi huyo ni adimu kuliko mnunuzi. Mpe nafasi afanye kazi yake.

Haya, mwanangu, nenda. Mungu akupe masikio mapana na ulimi wa taratibu. Nyumba yako ipate watu watakaoipenda, na huko uendako mlango ufunguke kwa kicheko. Amina.