Nafasi ya Arobaini na Tatu

Kila nikisugua bangili ya marehemu mama kwa limau, vidole hubaki na harufu ya shaba, kali kama jasho. Siku hizi nachoka upesi. Naketi, na harufu hiyo inanirudisha kwetu Bwera, Uganda, mpakani na Kongo, miaka ya sabini mwanzoni.

Ninyi msiotoka kwetu huenda hamjui: sisi Wakonzo hatuhangaiki kutafuta majina. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mimi ni Biira. Lakini Masika sikumwona hata siku moja. Alifariki kabla sijazaliwa, wala hakuna aliyemtaja. Mimi ndiye niliyeteka maji, nikabeba wadogo mgongoni, nikachapwa kwa makosa ya wote. Basi nilipoingia sekondari nikajiandikisha Masika. Kazi yake nilikuwa naifanya tayari, jina tu ndilo lililobaki.

Mama alipoliona kwenye daftari hakunigombeza. Aliketi chini jikoni, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaungua.

"Biira, mwenzako umemweka wapi?"

Hakula siku hiyo. Nami nilinuna, nikaona anazidisha.

Wiki ileile mwalimu wetu wa kemia, Mkongomani wa Butembo, alichora jedwali la elementi ubaoni. Kila atomu, alisema, ina protoni katikati yake, na idadi yao ndiyo namba yake. Shaba, ile tuliyoiona ikipakiwa kwenye treni Kasese, ni ishirini na tisa. Ukitoa protoni moja tu, si shaba tena, ni nikeli. Kisha akagonga chaki kwenye arobaini na tatu.

"Huyu hamutamupata mu mawe yetu. Batu balimutengeneza na mashini."

"Basi wa arobaini na nne si asogee, mwalimu?" niliuliza.

"Asogee aende wapi? Yeye iko arobaini na nne. Hata mwenzake haiko, nafasi yake iko."

Darasa zima lilicheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake niliomba ofisini wanirudishie jina langu. Mama alilitazama daftari, akanipakulia chakula.

Watu walipomuuliza ana watoto wangapi, mama alikuwa akijibu sita, na sisi tulikuwa watano. Nilidhani uchovu unamvurugia hesabu.

Nami nina mabinti wawili, Biira na Kabugho. Nikiulizwa, nasema watatu.